Kutu ya Kupaka

Kofia ya chuma, lakini si chuma:
ni mkeka wa mazoezi wa Gikomba
nilioukata kwa wembe, nikaupasha moto wa pasi
hadi ukakubali kichwa changu.
Gundi ya viatu imenilevya siku tatu.
Mama Nekesa wa chini amegonga dari kwa mwiko:
"Kwani huko juu mnamshonea nani viatu?"

Rangi ya fedha ilikauka juzi, roshani, kati ya soksi.
Ikang'aa kama sufuria ya harusi.
Ikaniudhi.
Shujaa gani huyu hajawahi kuanguka?

Basi msasa. Basi dawa nyeusi ya viatu,
majani ya chai ya juzi, vumbi la ngazi za Huruma.
Nikaitia panga moja shavuni.
Begani mwa deraya, tundu la mshale ambao haukurushwa.
Kutu nikaiweka pale mvua ingetuama
kama mwenyewe angelala nje.

Jioni mjomba Musembi akapita kutoka Kamukunji,
mabati bado yanamlia masikioni.
Akaigeuza, akaigonga kwa ukucha. Haikulia.
"Sisi kutwa tunakwangua kutu
tupake rangi, mteja adhani kitu ni kipya.
Wewe unainunua?"
Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akachovya kidole kwenye rangi,
akaongeza doa moja chini ya jicho la kushoto.
"Nyundo ikiteleza, huja hapa."

Sikuuliza. Kovu lake liko papo hapo.
Jumamosi, ukumbini,
watataka kujua ni vita gani.