Mkia wa Pili

Inaitwa mashine ya kuchoma
na tangu Jumamosi haijachoma hata harufu.
Imelala mezani kati ya gundi na kikombe cha chai,
nyembamba kama daftari la madeni,
waya wake umeingia ubavuni mwa laptopu.
Taa ya kijani: kope moja, kope mbili,
halafu usingizi.

Ndani kitu kinasema tik. Kinasema tik,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba waliyokwisha kuhama.

Mama Ndeonansia yuko kwenye benchi, kikapu magotini.
Ameshuka kutoka Uru na fleshi ndani ya leso, mafundo mawili.
Humo mna kipaimara cha mjukuu,
na dakika ya arobaini na moja, pembeni kabisa ya picha,
mumewe, alipokuwa bado mzima, anamenya chungwa.
Nyumbani ana deki, na deki ile
ina mdomo wa diski tu.
"Watoto wananiambia nitazame kwenye simu.
Kwenye simu anakuwa kama kunde."

Nilianza na yale yanayoanzwa.
Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka.
Nikahama tundu la kulia kwenda la kushoto.
Nikabadili diski: kwanza ya bei chee,
kisha ile ninayowafichia maharusi wenye hela.
Nikafuta lenzi kwa pamba na spiriti,
taratibu, kama jicho la mtoto lenye matongo.
Laptopu ikaandika: ingiza diski.
Diski imo. Nikaitoa, nikaionyesha, nikairudisha.
Ingiza diski.

Eliaringa, kijana ninayemfundisha kazi,
akasema labda haina dereva.
Mama akainua kichwa kwa mara ya kwanza:
"Sasa hapa ilifikaje?"
Tulicheka mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akachungulia.

Dereva tukamfuta, tukamrudisha.
Tukazima, tukawasha.
Nikamlaani yule bwana wa Kiboriloni
aliyeipanga kati ya pasi na viatu vya mguu mmoja,
akaapa kwa kaburi la baba yake:
hii inachoma, dada, inachoma hadi vidole.

Saa saba. Nikanyanyua waya nimtupie Eliaringa
aukunje, tukiri tumeshindwa,
ndipo nikaona rababendi,
nyeusi kwa jasho la watu nisiowajua,
na chini yake, umebanwa kama mkia wa mbwa mwoga,
mkia wa pili.

Waya una vichwa viwili.
Kimoja cha maneno, kingine cha chakula.
Tundu moja la laptopu hii kuukuu
linatosha kuwasha taa,
halitoshi kuzungusha diski na kuichoma kwa mwanga.
Ilikuwa na njaa.
Siku nne nimekaa naihoji mashine yenye njaa
kwa nini haifanyi kazi.
Na kidole kimoja kikihangaika,
chawa anatembea zake.

Nikachomeka vyote viwili.
Kimya. Kisha mvumo,
nzi aliyezindukana ndani ya chupa,
ukapanda, ukapanda, ukatulia.
Taa haikukonyeza tena.
Nikachagua mwendo wa chini kabisa,
maana deki za zamani hazina meno
ya kutafuna kilichopikwa haraka.
Dakika kumi na sita.
Mama alifunga na kufungua leso tupu.

Ilitoka ina joto.
Akaishika ukingoni kama nilivyomwelekeza,
akaisogeza karibu na shavu.
"Imeiva," akasema.

Sikumdai kitu.
Naongopa: nilimdai elfu tatu,
akanipa mbili na chane ya kisukari,
nusu yake Eliaringa keshaimaliza.
Rababendi nimeitundika msumarini, juu ya bei.

Usiku, namba nisiyoijua. Simu ya jirani yake.
Hakunisalimu.
"Bado anamenya," akasema,
na nyuma yake nikasikia viti vikivutwa.