Lita Moja, Kilomita Ngapi

Kijitabu cha kiwandani kilisema
lita moja, kilomita ishirini na nane.
Hakikusema nani amekaa nyuma.
Hakikuutaja upepo wa Lamadi
unaotoka ziwani saa nane mchana
na kukusukuma kifua kama mlinzi wa benki.

Sisi tulikuwa na daftari
la mistari, jalada la twiga, linanuka dizeli ya mtu mwingine.
Kila sheli nilijaza tangi hadi mdomoni,
nikaitikisa pikipiki itoe hewa, nikajaza tena,
kijana wa pampu akinung'unika,
na Nyanjige akiandika huku anatamka
kwa sauti ya karani wa mnada wa pamba:
Igoma hadi Bunda, ishirini na nne nukta moja.
Bunda hadi Musoma, na mvua, ishirini na mbili.
Kigongo hadi Geita, gia ya tano ikagoma mlimani,
ishirini, na hasira.
Aliandika hivyo hivyo: hasira.

Nilibadili plagi. Nilipaka cheni mafuta.
Nilijaza matairi upepo hadi yakalia kama ngoma.
Nikamwambia, mwendo wa themanini ndio wenye faida,
ukivuka mia unachoma mboga ya kesho.
Akasema, basi nenda themanini,
mboga nimeibeba mimi.
Kweli: sato wawili mapajani mwake,
wakidondosha maji juu ya ekzosi.
Ishirini na tatu, na harufu.

Mwaka huu Bugando wamemwekea nyonga ya chuma.
Daktari alinitazama mimi, si yeye.
Pikipiki, basi.

Jumamosi nikaenda Musoma peke yangu.
Upepo ule ule, themanini ile ile.
Bunda nikajaza, nikapiga hesabu mara tatu juu ya tangi,
kalamu ikitoboa karatasi.
Ishirini na nane.
Miaka kumi na moja naitafuta namba hii,
na kijana wa pampu ananiuliza,
mzee, chenji huitaki?

Nyumbani aliisoma, miwani nchani mwa pua.
Kumbe kiwanda hakikudanganya, nikasema.
Hakikudanganya, akajibu.
Kilikuwa hakijaoa.

Jumamosi iliyofuata nikafunga kiti cha nyuma
gunia la mchele wa Magu, kilo sitini na nne,
uzito wake wa kabla ya hospitali.
Mchele haukulala nami kwenye kona.
Haukunigonga bega pale Ndabaka
ili nione pundamilia nilioshaonyeshwa mara mia.
Ishirini na tatu na nusu.
Nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbovu,
na pembeni nimeacha nafasi
ya neno lake.