Daftari la Somoe

Mimi Somoe Famau,
sina cheo wala dau,
ila jambo sisahau,
nalitia daftari.

Tu watu tisa, kamati,
twakutana bila kiti
Mokowe, banda la bati,
mkabala wa bandari.

Kila meli ya mafuta
nanga inapoivuta,
jina lake natafuta
na hali yake bahari,

kama ni ya maji mafu,
na upepo, na harufu;
hata nikiwa dhaifu
nashuka alfajiri.

Wasema: "Yaleta kazi."
Sawa. Sina pingamizi.
Naomba tu, waziwazi,
nijue yao safari.

Siku ya sita Shabani
nyayo za wana, nyumbani,
ziliacha jamvini
lami: mhuri, mhuri.

Mafuta ya taa ndiyo
niliyowapaka nyayo;
mafuta kufuta hayo!
Nikakosa tafsiri.

Mkoko una vidole,
hupumulia kwa vile;
vimefunikwa, na pale
pamekuwa ni kaburi.

Nikashuka penye tope,
kaa wamefunga kope,
nikazoa, nisikwepe,
chupa mbili za achari.

Ya kwanza, kwake karani,
na barua, na idhini.
Akauliza: "Ni nani
aliyekupa shauri?"

Hamwambia: "Ni sheria,
raia kuangalia
kiingiacho kwa njia
ya maji, hata kwa siri."

Akatazama miguu,
kisha akapanda juu,
akaona si mkuu,
akajibu kwa saburi:

"Hii yaenda Mombasa,
itapimwa huko hasa."
Mwezi wa nne ni sasa,
haijarudi habari.

Nikarudi. "Chupa gani?
Kabatini siioni.
Pengine iko jaani.
Mama, nenda kasubiri."

Wasichojua: ya pili
jikoni, na pilipili,
karatasi i kamili:
siku, mahali, athari.

Mjukuu wangu Fumo
kachovya mkate humo,
nikautoa kinywamo;
akidhani ni achari.

Nikawaza: sisi sote
hula hivyo, siku zote,
kilichotoka popote
kwa jina lililo zuri.

Shekuwe, fundi wa nguo:
"Mwanangu yu huko chuo,
na amepewa funguo
za vipimo. Ni hodari."

Nusu yaenda na basi,
nusu i kwangu, na basi;
sina tena wasiwasi
na kabati la jeuri.

Leo, kumi kasorobo,
imeingia ya ng'ambo;
jina, chini ya mapambo,
halisomeki vizuri.

Kwa hivyo nasogelea,
maji goti, nangojea
jua kuielekea,
na kalamu i tayari.