Tia Maji

Miaka kumi na tisa nashika vichwa vya watu
pale Kenyatta Market, kibanda cha pili kutoka kwa wachoma nyama.
Nakijua kisogo cha mjane, nakijua cha bibi harusi,
namjua aliyeangushwa na yaya akafichwa asiambiwe.
Mwenye kichwa aweza kunidanganya.
Kichwa, hapana.

Basi leo, Upper Hill, ghorofa ya saba,
Daktari Mokeira amekiwasha kichwa changu ukutani
na mimi sikukijua.

Kijivu. Kimekunjamana
kama leso iliyosahaulika kwenye beseni.
Na pale kushoto, karibu na utosi,
kitu cheupe kimekaa
kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili
akaleta godoro.

"Ukubwa wa karakara," akasema.
Nikamuuliza: mbichi au iliyosinyaa?
Hakucheka. Kisha akacheka.
Uvimbe wa utando, akanieleza, si wa ubongo wenyewe;
umeuegemea tu, na upande ulioegemewa
ndio unaouamrisha mkono wa kulia.

Mimi nilidhani ni uchovu.
Desemba rasta ilikuwa ikinichomoka
kati ya kidole gumba na cha shahada,
nikamtukana mwenye duka kwamba kaniuzia takataka.
Kageha aliona. Akawa ananimalizia ncha,
anazichovya kwenye maji moto, hasemi neno.
Hadi mteja mmoja, kioo mkononi:
"Mama Wakesho, njia imepinda."

Miaka kumi na tisa.
Njia imepinda.

"Funga macho," Daktari akaniambia,
"nyoosha mikono kama unayepokea sahani."
Nikapokea.
Nilipofumbua, wa kushoto ulikuwa bado unangoja chakula,
wa kulia ulikuwa umekwisha kumwaga.

Akachukua kalamu. Nitaanzia hapa, nitapinda hivi, nifike hapa.
Nami, Mungu anisamehe,
nikakagua kama mstari wake umetulia.
Umetulia.
Mwenyewe kasukwa mistari minane, wa tatu umelala ovyo.
Sikumwambia. Mtu atakayekufungua fuvu
humsumbui kwa habari za nywele.

Kati ya wagonjwa mia, akasema,
wanne, labda watano,
mkono haurudi ulivyokuwa.
Mia ni vichwa vyangu vya Desemba moja.
Nikaanza kuwatafuta hao watano:
yule wa benki anayesinzia mwanzo mwisho?
Yule mwalimu anayelipa nusunusu?
Mwanafunzi wa uuguzi, mwenye nywele laini kama za kitoto kichanga?
Nikashindwa kumtoa hata mmoja.

"Na nikiuacha?"
Akaiweka kalamu chini.
"Utaanza kuangusha vikombe. Baadaye, mguu."

Bima italipa yake. Chama kitakaa Jumapili.
Lifti ilipofunguka chini nilisahau ninaelekea wapi,
si kwa ugonjwa; kwa mambo.

Jumatano jioni nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe,
kile ambacho sijawahi kukikalia kazi ikiwa imeanza.
Hospitali wangeninyoa, ndiyo, kipande tu, kwa mashine yao.
Nimekataa. Kikinyolewa, kinyolewe chote,
na mtu anayekijua.

Wahenga walituambia: ukiona mwenzako ananyolewa,
wewe tia maji.
Hawakusema maji yawe ya namna gani.
Kageha ameyajaribu kwa kiwiko, kama ya mtoto.

Wembe unashuka. Mvi nyingi kuliko nilivyokiri.
Anafika upande wa kushoto, anapunguza mwendo.
"Ni hapo," namwambia.
Anapapasa. Anapapasa tena.
"Hapa pako kama kwingine."
Hiyo ndiyo shida yake, nataka kusema, lakini koo limekaza.

Mteja akachungulia mlangoni:
"Bado mnasuka?"
Na mimi, maji yakinichuruzika hadi shingoni,
nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye mikono miwili:
"Leo Kageha atakusuka.
Ukitaka mimi, rudi mwezi wa sita."