Kiasi na Asili

Muhtasari wa kozi una kurasa kumi na nne
na pini iliyoanza kushika kutu.
*Mwisho wa shahada hii ya uzamili
mhitimu ataweza kupima mzigo wa maradhi katika jamii.*
Nimelipigia mstari neno mzigo.
Kwetu Maji ya Chai mzigo hupimwa kwa shingo.

Dakta Mchomvu hakuanza na ukurasa wowote.
Alichora mstari mlalo ubaoni, akauliza:
Juu kuna nini?
Kiasi, tukaitikia, watu wazima, kama darasa la nne.
Na chini?
Asili.
"Basi msiniletee wagonjwa arobaini
bila kuniambia ni arobaini katika wangapi,
wa wapi, waliohesabiwa na nani.
Kiasi kisicho na asili ni umbeya."
Msuya akaliandika neno umbeya, akaliwekea nyota,
akidhani litatoka kwenye mtihani.

Wiki ya sita, Afya ya Mazingira.
Mvua inapiga bati, projekta inakoroma,
na ukutani unatokea mdomo wa mtoto,
mkubwa kuliko mlango,
macho yamezibwa kwa utepe mweusi,
meno ya kahawia, yamechimbika kama kuta za udongo
baada ya masika.
Floraidi, anasema Dakta. Mashariki ya Meru.
Sauti nyuma yangu: "Kwani huko hawapigi mswaki?"

Miaka ishirini na tisa nimecheka nyuma ya kiganja.
Kwenye kitambulisho nimefumba mdomo,
kwenye picha za harusi ya dada nimefumba mdomo,
wodini wagonjwa waliniita Sista Mkali.
Nikainua mkono, ule ule wa kufunikia.
"Tunapiga," nikasema. "Kwa maji yale yale."
Darasa zima likaniona meno.
Projekta ikaendelea kukoroma.

Kazi ya nje, muhula wa pili, nikajipangia nyumbani.
Mama akaishika fomu ya ridhaa kama hati ya shamba.
*Unaweza kukataa bila kupoteza haki yoyote.*
"Nikikataa," akauliza, "utaendelea kula hapa?"
Kisha akaweka dole gumba, wino ukagusa meza.
Nikamuuliza ile ndoo ya mkaa wa mifupa
iliyoletwa na watu wa kanisa, ya kuchuja maji.
Ipo. Ina mbegu za maharage.
"Mifupa ya ng'ombe wa nani? Amekufa kwa nini?
Hawakusema. Walitupa soda, wakapiga picha, wakaondoka."
Nikaliandika jibu lake lote, neno kwa neno.
Katika muhtasari, Mabadiliko ya Tabia ni krediti mbili,
na hakuna mahali palipoandikwa
kwamba mtu huuliza ng'ombe amekufa kwa nini.

Shuleni nikahesabu vinywa.
Mia moja sabini na moja
katika mia mbili na kumi na mbili.
Walipanga mstari, wakafungua, wakafunga.
Msichana wa mwisho akanitazama mimi mdomoni kwanza,
akarudisha kiganja chake chini
bila kuambiwa.

Usiku mama akachungulia jedwali.
"Mimi umeniweka wapi? Juu au chini?"
Chini, mama. Chini tupo wote.
"Afadhali," akasema, akaipunguza taa.

Ripoti ilipata alama nzuri.
Dakta aliandika pembeni: *Mapendekezo?*
nami nikajaza: bomba, bajeti, vikao vya kijiji,
na watakaoleta ndoo waje na jina la ng'ombe.

Lakini kila mwisho wa mwezi nikitoka Longuo
nabeba dumu la lita kumi, maji ya bomba ya Moshi,
mepesi, hayana rangi wala ladha ya kisa chochote.
Konda hunitoza kama mzigo.
Ni ya Nderingo, mtoto wa dada, ana miaka mitatu,
meno yake ya ukubwani bado yamelala ndani ya ufizi.

Kiasi: mmoja.
Asili ninaijua.
Hiyo si afya ya jamii, Dakta atasema,
na atakuwa sahihi,
na dumu nitalijaza tena.