Kilo Mbili na Robo

Waliporudi makaburini
kaka yangu Nuhu alikuwa na udongo hadi kwenye kope.
Sikumuuliza kama alilia.
Nilimuuliza, mmemwelekeza wapi?
Akanionyesha kwa kidevu;
Mlima, Bibi alitukataza kuunyooshea kidole.

Hapa Moshi kibla iko kaskazini,
na kaskazini ni Kibo.
Basi Baba amelalia ubavu wa kulia ndani ya mwanandani,
shavu kwenye mchanga, sanda imelegezwa usoni,
anautazama mlima uleule aliouamkia miaka sabini na mmoja,
ila sasa hakuna wingu la kumzuia.

Hatua arobaini, wanasema.
Wazikaji wakishapiga ya arobaini
wanakuja wale wawili, Munkari na Nakiri,
na hawabishi hodi.
Nuhu alianza kuhesabu, akapotea kwenye ishirini na kitu,
mtu alimsimamisha kumpa pole.
Mimi nilibaki Njoro na wanawake,
nikisuuza sufuria la majani ya mkunazi,
nikamhesabia zilizobaki kwa vijiko.
Mola wako nani? Mtume wako nani?
Hayo najua aliyajibu.
Nililoliogopa halimo katika talkini:
Twaha, pale kwenye mizani ya Kibosho,
kidole gumba ulikiweka wapi?

Miaka ishirini na minane aliwapimia watu kahawa.
Mwaka figo zilipoanza kumsumbua
aliniita nimsomee daftari, macho yamechoka.
Majina kumi na saba, na kilo mbele ya kila jina.
Akashika fimbo, akaanza kupanda.
Wengine walicheka, wakamkaribisha mbege, akaomba maji.
Wengine walishakufa, akalipa watoto wao.
Mmoja alimmwagia maji ya vyombo,
akarudi amelowa, akasema, huyo tumemalizana.
Kumi na sita yakafutwa.
Likabaki moja:
Aloisia, kilo mbili na robo, msimu wa sabini na tisa.
Miguu ikakataa kabla ya jina hilo.

Kaburini imamu aliuliza, nani anamdai marehemu?
Nuhu anasema palikuwa na kikohozi tu.

Siku ya tatu, khitma imeisha, tunapakua pilau,
akaingia bibi kizee, rozari shingoni, viatu mkononi.
"Nimesikia mpima kahawa amelala."
Nuhu akapiga magoti: Mama, tunakuomba umsamehe,
roho ya mdaiwa inaning'inia.
"Msamaha ninao nyumbani," akasema.
"Hapa nimefuata kahawa."

Wazee wakatazama sahani zao.
Nikaazima mizani dukani kwa Mangi,
nikaweka jiwe la kilo mbili, na la robo,
nikaanza kumimina, chembe zikilia kwenye bati.
Nikakiona kidole changu.
Kidole gumba ni chake, hata kucha ni yake.
Nikakificha nyuma ya mgongo, nikamimina kwa mkono mmoja.
Ulimi wa mizani ukatetemeka,
ukaenda huku, ukarudi,
mwembamba kama ile njia ya unywele tutakayoivuka sote,
ukasimama.

Nikaongeza konzi moja, kwa haya, kwa miaka yote ile.
Akaichota, akairudisha guniani
hadi chembe ya mwisho iliyonasa kwenye kanga.
"Hizi si zangu. Sitaki na mimi nikaulizwe."

Akafunga kifurushi chake. Mlangoni akageuka:
"Mmemlaza akitazama wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidevu, kule juu, migombani kwao,
na juu zaidi, kwenye theluji.
Akavaa viatu.
"Vizuri," akasema. "Basi ataniona nikipanda nayo."