Uwezo

Kwetu Amu mtu haumwi: hawezi.
"Hajambo babako?" "Hawezi, tangu Ijumaa."
Basi zilipoletwa karatasi za mradi
zilizoandikwa juu, kwa wino wa buluu, KUJENGA UWEZO,
Bi Zuhura wa Langoni alishusha miwani akauliza:
"Mwajenga dawa?"
Tukacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita
na koti jeupe, bendera ya watu begani.

Walitufunza siku kumi na mbili, Mokowe,
feni moja, chai mara mbili:
kubisha, kisha kurudi nyuma hatua mbili;
kutotaja ugonjwa kabla ya kutaja jina langu;
kuikanda ncha ya kidole hata damu ije yenyewe,
matone matano kwenye kadi, yasigusane,
yakauke kivulini usiku kucha.
Wakatufunza kwamba nyumba haichaguliwi
kwa nakshi ya mlango wala kwa udugu.
Huchaguliwa na namba, na namba haimjui mtu.
Hilo nililipenda mno. Mji huu
haujapata kuchagua kitu
pasi na kuuliza kwanza: binti nani huyo?

Tuliandika kwa chaki kwenye miimo ya milango.
Mzee Athmani Kupi akatoka na bakora.
"Mtabomoa? Serikali ikiandika ukutani, hubomoa."
Nikamwambia, leo twahesabu tu.
"Ndiyo," akasema. "Huanza hivyo."
Akaninyooshea kidole.

Kisha Siyu. Kisha Faza, Kizingitini,
kasha la barafu mapajani kama mwana wa kuazima,
Kadzo akitapika ubavuni mwa boti
huku ameshika risiti ya petroli juu, isilowe.
Mwanamke mmoja (jina lake limo ndani ya namba
na humo litabaki) alisubiri nimalize kumfunga pamba.
"Langu umenambia. La kisiwa je?"
"La kisiwa litakuja mwakani."
"Haya. Mimi nipo."

Barua ilikuwa na mistari minne.
Simamisheni kazi zote, kuanzia leo.
Leo yenyewe ilikuwa saa kumi alasiri
na nyumba ishirini na tatu hatujazibisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wa kale,
wala hawakusema mgeni akiitwa kwao
katikati ya sindano.
Sina lawama; cha kuazima hakisitiri maungo,
nasi tulikivaa tukatembea nacho sokoni.

Wakaja na fomu ya kurudisha vitu.
Vishikwambi kumi na vinane, chaja kumi na saba
(ya kumi na nane nilikatwa mimi).
Makoti. Mizani ya watoto. Makasha.
Jokofu lilibaki, ila mita ya stima ilikuwa ya mradi;
tokeni zikaisha Alhamisi, likanyamaza.
Nikaisoma fomu mara mbili, mbele na nyuma.
Hapakuwa na mstari wa mkono wangu.
Hakuna aliyetia saini kuupokea.

Siku hizi nauza panadoli na sabuni ya mwarobaini
duka la ami yangu, nyuma ya soko.
Juzi karani wa dawa alipita akaniuliza, kama mzaha,
vidonge vya kisiwa kile tuagize vya watu wangapi?
Nikasema sijui.
Akaandika hiyo hiyo ya mwaka juzi.

Mvua imefuta chaki mji mzima,
ila Gadeni, kwenye mwimo mmoja,
namba kumi na nne ingali nyeupe, nene.
"Rangi ya mashua," akasema Mzee Athmani.
"Nimeipitia mwenyewe, mkirudi msinipite.
Wale wenye pesa wawezaje?"
Nikamwambia hawaji.
"Sikuulizi wao."

Nimenunua chaki, pakiti moja, shilingi sitini,
na daftari la mirabaraba.
Kadzo ana kalamu. Kuhesabu milango hakuhitaji barafu.
Nabisha, narudi nyuma hatua mbili,
nataja jina langu.
Ndani, mtu anakohoa, anatafuta viatu.